Clara Bow: maiki ndo ilimmaliza, au watu?

Juzi nimeangalia It, ile sinema bubu ya 1927 ya Clara Bow, staa wa Hollywood wa enzi hizo, sa hivi ipo bure mtandaoni maana hakimiliki yake Marekani iliisha mwanzoni mwa 2023, na kwa miaka mingi watu walijua imepotea moja kwa moja mpaka kopi ilipoibuka Prague miaka ya 60. Kuna kipande mle ndani, Clara anacheza binti muuza duka, kapata mwaliko wa kwenda kula Ritz, hoteli ya matajiri, na hana nguo ya kuvaa, basi linashikwa lile gauni lake la kazini, linapigwa mkasi hapohapo akiwa kalivaa, mpaka linatoka gauni la usiku. Hakuna neno hata moja linalosikika ila kila kitu unakielewa, shida yake, jeuri yake, ile haraka ya mtu aliyeona upenyo hataki umponyoke.

Nikamsimulia rafiki yangu mmoja mpenzi wa muvi za zamani, akanijibu fasta: yule si ndo sauti ilimmaliza, filamu zilipoanza kuongea watu wakasikia lafudhi ya Brooklyn, kule New York, wakamkimbia. Jibu hilo kila anayemjua Clara analo, limerudiwa mpaka limekuwa kama historia yenyewe. Mi sisemi ni uongo mtupu. Ila naona linawafaa sana waliomtumia, maana ukishaitupia lawama maiki, mwenye studio anatoka msafi.

Tuanze na upande wa maiki kwanza, kwa haki. Sinema bubu ilikuwa na uhuru ambao sisi leo hatuufikirii, dairekta anakuelekeza kwa sauti huku kamera inazunguka, pembeni pengine kuna mpiga fidla wa kukutia huzuni, we unakimbia unaruka unageuka unavyojisikia. Clara alikuwa mtu wa hivyo hasa, hatulii, macho yanacheza, mikono inaongea. Sauti ilipoingia kamera zikafungiwa kwenye viboksi ili muungurumo wake usinaswe, maiki ikawekwa sehemu moja, msanii anatakiwa asogee hapo, aseme, asiondoke. Ni kama kumwambia mcheza ngoma acheze akiwa kwenye kiti. Filamu yake ya kwanza ya kuongea, The Wild Party ya 1929, dairekta Dorothy Arzner aliona mtu wake anakakamaa akaagiza maiki ifungwe kwenye fimbo ya kuvulia samaki, imfuate juu ya kichwa anakokwenda. Hata hivyo hofu haikuisha, macho yalikuwa yanaikimbilia ile maiki kwa juu, sini inarudiwa tena na tena. Kwa hiyo anayesema sauti ilimtesa hajakosea. Ilimtesa.

Ila kuteswa na kumalizwa ni vitu viwili tofauti. The Wild Party ilipata watu wengi tu. Kwa mvuto wa mauzo Clara alikuwa namba moja Marekani 1928 na 1929, na 1930, sauti imeshaenea, bado alikuwa namba mbili. Januari 1929 peke yake alipokea barua zaidi ya 45,000 za mashabiki, mwezi mmoja jamani, enzi za kunyanyua kalamu na kununua stempu. Amecheza filamu 11 za sauti. Watu waliokimbia wako wapi hapo? Watazamaji walishamsikia, na bado tiketi walinunua.

Sa geukia upande wa pili. Clara kazaliwa Brooklyn 1905, umaskini ule wa kukosa hata nguo ya kubadilisha, mama mgonjwa wa akili na kifafa. Akashinda shindano la magazeti 1921 akiwa na miaka 16, picha zenyewe za kushindania kapiga kwa dola moja aliyopewa na baba. Mama hakutaka kabisa habari za uigizaji, na usiku mmoja wa 1922 binti akaamka kakuta mama kamwekea kisu shingoni. Mama akafariki 1923, na usingizi mzuri Clara hakuupata tena maisha yake yote. Huyo ndo mtu aliyeingia mikononi mwa B.P. Schulberg, mtayarishaji wa filamu, ambaye alimchukua kwa hela ndogo halafu akawa anamkodisha kwa studio nyingine, yeye anapokea kikubwa, binti anapewa chake kilekile. Mwaka 1925 pekee alitokea kwenye filamu kama 14. Hebu piga hesabu, ni zaidi ya moja kwa mwezi. Baadaye studio ya Paramount, walikokwenda wote wawili, nako ni hivyohivyo, staa namba moja wa nchi halafu wapo wenzake wasiomfikia kwa mauzo wanaolipwa kumzidi.

Nakubali, wapo watakaosema bila Schulberg tusingemjua Clara. Ni kweli, na sio kitu kidogo, Hollywood ilijaa mabinti wazuri waliorudi kwao na sanduku. Paramount walimpa Mantrap, wakampa It, wakamweka kwenye Wings ambayo ilibeba tuzo ya filamu bora kwenye Oscar za kwanza kabisa 1929. Na yeye mwenyewe hakuwa malaika, 1930 alipoteza zaidi ya dola elfu 13 kwenye kasino ya Cal-Neva, akajitetea kwamba alidhani zile chipsi ni za senti 50 kumbe kila moja ni dola 100. Mdomo nao, 1928 alilisimulia jarida la Photoplay maisha yake yote, mama, kisu, njaa, bila kupaka rangi, wakati Hollywood ilitaka mastaa wajifanye wameshuka kutoka mbinguni. Wakubwa wa mji hawakuwa wanamwalika nyumbani kwao. Mi hilo la mdomo simlaumu hata kidogo, ila kwa biashara ile lilimgharimu.

Kilichomvunja hasa, kwa maoni yangu, ni kesi ya Daisy DeVoe. Huyu alikuwa msusi pale Paramount, Clara akamchukua awe sekretari wake, akamwachia hela, hundi, barua, kila kitu, na kusema ukweli Daisy aliyapanga mambo yakanyooka. Wakagombana, Daisy akafukuzwa, akatishia kumwaga barua za Clara nje asipopewa dola 125,000. Mambo yakafika kwenye vyombo vya sheria. Januari 1931 kesi ikaanza, Daisy ana mashtaka zaidi ya 30 ya wizi, akakutwa na hatia kwenye moja tu, ila mahakamani barua za mapenzi zilishasomwa, hundi za wanaume aliowanunulia zawadi zimeanikwa, magazeti ya udaku yakachukua hapo yakaongezea uchafu wa kutunga ambao mi siurudii hapa. Yani aliyeibiwa ndo akageuka mshtakiwa. Akaanguka, akalazwa, akaomba avunjiwe mkataba, na Paramount hawakumng'ang'ania.

Hapo sasa ndo stori ya maiki inapofia. Kama sauti ndo tatizo, studio ya Fox wangemfuata wa nini? Walimfuata, akawafanyia Call Her Savage 1932 na Hoop-La 1933, zote zikafanya vizuri, na kwenye ile ya kwanza anaongea, anafoka, analia, wala humuoni mtu anayeogopa maiki. Halafu akaacha mwenyewe. Alishaolewa na mwigizaji Rex Bell 1931, wakahamia ranchi Nevada kufuga ng'ombe, akazaa watoto wawili wa kiume. Alipoacha sinema alikuwa na miaka 28 tu, filamu 57 nyuma yake. Sisemi alikwenda kwenye raha, ugonjwa ulimfuata hukohuko, 1944 alijaribu kujiua, baadaye madaktari wakasema ni skizofrenia, akaishia kukaa mbali na familia Los Angeles mpaka alipofariki 1965.

Lakini kabla ya hapo, 1947, redio ya Marekani ilikuwa na shindano kwenye kipindi cha Truth or Consequences, mwanamke asiyetajwa jina anasikika hewani, wanamwita Mrs. Hush, na wasikilizaji watume majibu ni nani huyo, pamoja na mchango wa kupambana na polio. Zawadi zikawa zinarundikana wiki baada ya wiki, nchi nzima imetega sikio. Mrs. Hush alikuwa Clara Bow.