Mbwamwitu Wanapigwa Risasi kwa Kosa la Msumeno

Kila majira ya baridi, theluji ikishatanda kiasi cha kuonyesha nyayo, helikopta huruka juu ya misitu ya Alberta na British Columbia, magharibi mwa Kanada, zikiwasaka mbwamwitu. (Namaanisha yule mkubwa wa kijivu wa nchi za baridi, si huyu wetu mwenye mabaka wa Ruaha.) Wakionekana, wanapigwa risasi kutoka angani. Alberta ilianza mwaka 2005, tena ikatumia na sumu ya strychnine. British Columbia ilifuata mwaka 2015, na imeshaua zaidi ya elfu moja. Sababu inayotolewa ni kumwokoa karibou.

Karibou ni yule kulungu wa theluji ambaye Ulaya kaskazini wanamfuga na kumfunga sleji. Kanada wanampenda hadi wakamweka kwenye sarafu yao ya senti 25. Wa msituni, ndiye ninayemzungumzia hapa, sheria ya nchi hiyo inamtaja kuwa yuko hatarini. Na ni kweli mbwamwitu wanamla, hilo halina ubishi. Ila kumla walianza zamani sana, na wote wawili wakaishi maelfu ya miaka. Swali langu ni nini kilichobadilika.

Karibou wa msituni ana mbinu moja ya kuishi: kukaa mahali ambapo wengine hawapataki. Anajichimbia kwenye misitu mizee na vinamasi, na wakati wa baridi anafukua theluji kwa kwato zake pana akitafuta kuvumwani, ule uoto wa kijivu kama ukoga unaotambaa ardhini na kuning'inia matawini. Ni chakula duni, na kikishaharibiwa huchukua miongo kadhaa kurudi. Lakini kwa sababu hakuna mnyama mwingine mkubwa anayekigombea, wawindaji wa porini hawana haja ya kwenda huko. Jike huzaa ndama mmoja tu kwa mwaka, kwa hiyo kila ndama anayeliwa ni pengo.

Sasa lete msumeno. Miti mizee ikianguka, jua linafika chini, vichipukizi vinaota kwa fujo, na wageni wanaingia: musi, yule kulungu mkubwa kuliko wote duniani, pamoja na kulungu wa mkia mweupe. Hawa, mwaka wa neema, wanazaa mapacha. Mbwamwitu wanashiba, wanaongezeka, na katika kuzunguka kwao wanamkuta karibou. Hawamtegemei hata kidogo. Hata abaki mmoja, njaa haitawapunguza, maana sahani yao imejaa musi. Hapo ndipo ule mzani wa asili, unaosema windo likipungua mwindaji naye hupungua, unapokatika.

Halafu kuna mikuza. Watafuta mafuta hupima miamba ya chini kwa mitetemo, na ili wapite na vifaa vyao walifyeka msitu kwa mistari iliyonyooka, upana wa mita tano hadi kumi, laki kadhaa za kilomita Alberta peke yake. Mingi ilifyekwa miongo iliyopita na hadi leo haijaota miti, hasa kwenye vinamasi. Kwa mbwamwitu hiyo ni barabara kuu. Wametiwa kola za GPS na kufuatiliwa: kwenye mkuza wanakwenda kasi mara mbili hadi tatu kuliko msituni. Kile kinamasi kilichokuwa maficho ya karibou sasa kinafikika kwa mwendo wa dakika chache.

Wapo wanaosema tatizo kubwa ni moto. Moto unaunguza kuvumwani, sikatai. Lakini nenda kaskazini mwa Saskatchewan, jimbo linalopakana na Alberta. Huko moto umepita karibu nusu ya makazi ya karibou ndani ya miaka 40, ila kazi za binadamu ni chache mno, na karibou wake wapo imara. Moto huacha magogo yamelaliana ovyo, visiwa vya miti mibichi, mabonde yaliyorukwa. Hauchongi barabara. Kwangu mimi mfano huu mmoja unatosha kuondoa kisingizio cha "ni majanga ya asili tu".

Je, napinga risasi moja kwa moja? Hapana, na najua baadhi ya wasomaji wangu hawatapenda jibu hilo. Kundi lililobaki na wanyama 30 haliwezi kusubiri miti ikue. Tazama Klinse-Za, British Columbia. Kundi hilo lilikuwa na karibou 38 mwaka 2013. Mataifa mawili ya wenyeji, West Moberly na Saulteau, yalijenga boma mlimani, majike wenye mimba wakawekwa humo hadi ndama wapate nguvu. Watu wakaokota kuvumwani kwa mikono kuwalisha, na walinzi wakalala hukohuko. Mbwamwitu pia walipunguzwa. Miaka minane baadaye kundi lilikuwa limevuka 100. Ila wenyeji hawakuishia hapo: mwaka 2020 walizibana serikali zote mbili, ya jimbo na ya nchi, hadi zikasaini makubaliano ya kulinda ardhi yenyewe.

Linganisha na Little Smoky, Alberta. Mbwamwitu wameuawa mwaka baada ya mwaka na kundi halikukua, liliacha tu kupungua. Mkakati wa serikali kuu wa mwaka 2012 unataka angalau asilimia 65 ya eneo la kila kundi liwe halijavurugwa, na hata hapo uwezekano wa kundi kujiendesha lenyewe unakadiriwa kuwa asilimia 60. Mkakati huohuo ulikuta asilimia 95 ya eneo la Little Smoky imeshavurugwa. Ukisimamisha helikopta kesho, mnarudi mlikoanza.

Namna ya kufunga mkuza inajulikana: unachimbua vilima vidogo, unapanda miche, unalaza magogo ya kukatiza njia. Ni kazi ya gharama. Basi kampuni inayotaka kibali kipya cha mbao au mafuta ndani ya eneo la karibou ifunge kwanza mikuza iliyopo, kabla ya kufyeka mmoja mwingine. Bila sharti hilo sioni kwa nini mlipakodi aendelee kulipia mafuta ya helikopta.