Van Damme: jasho lilikuwepo, lakini lilimwagwa wapi?

Katika filamu ya Timecop ya mwaka 1994 kuna tukio la jikoni ambalo nadhani kila aliyewahi kumpenda Jean-Claude Van Damme analikumbuka. Yuko nyumbani kwake usiku, amevaa chupi tu, amevamiwa, sakafu imelowa maji na kifaa cha kupiga shoti kinaangukia kwenye maji hayo. Hana pa kukimbilia. Anaruka, mguu mmoja unatua kwenye kaunta ya huku, mwingine kwenye kaunta ya kule, amepiga msamba hewani, na umeme unapita chini yake. Ni sekunde chache tu. Nilipoliona tukio hilo mara ya kwanza, kwenye kibanda umiza chenye mabenchi ya mbao na televisheni moja iliyowekwa juu ya kabati, watu walisimama wakapiga kelele mpaka mwenye kibanda akarudisha mkanda nyuma ili tuone tena. Wiki nzima iliyofuata watoto wa mtaani walikuwa wakijaribu msamba kati ya matofali mawili, na wapo waliochechemea siku kadhaa.

Ubishi juu ya Van Damme haujaisha mpaka leo kati ya watu wa rika langu. Wapo wanaosema jamaa alikuwa na miguu na hakuwa na kitu kingine, akapewa nafasi kubwa akaichezea, akaishia kwenye filamu za bei rahisi ambazo hazikuonja hata ukumbi wa sinema. Wapo wanaosema hakuna steringi aliyetoka jasho kama yeye, na kwamba wanaomcheka hawajui alikotoka. Nimekaa upande wa pili kwa miaka mingi, na bado moyo wangu uko huko. Lakini wanaomtetea, nami nikiwemo, tumezoea kuhesabu jasho bila kuuliza lilimwagwa wapi.

Alikotoka ni kweli hakukuwa na mteremko. Alizaliwa tarehe 18 Oktoba 1960 katika eneo la Brussels, Ubelgiji, kwa jina la Van Varenberg. Baba yake alimpeleka karate akiwa mtoto mwembamba asiyejiamini. Baadaye akaongeza mazoezi ya kunyanyua vyuma, na jambo ambalo wengi wetu hatukulijua wakati ule, akasoma densi ya bale kwa miaka 5. Ukilijua hilo, mateke yake unayaona upya. Teke la kuzunguka la Van Damme halitoki kama la mtu anayetaka kuua, linatoka kama la mchezaji densi: kiwiliwili kimenyooka, mikono imetulia, mguu unachora duara kamili kabla haujagonga shavu la mtu. Waongozaji waliligundua hilo mapema, ndiyo maana walikuwa wanalionyesha taratibu, mara mbili, mara tatu, kutoka pembe tofauti.

Mwaka 1982 alihamia Marekani akiwa na Kiingereza cha kuungaunga. Alipeleka piza, aliendesha gari la abiria, alitandika mazulia, alisimama mlangoni kwenye baa. Ukiitafuta filamu ya densi ya Breakin' ya mwaka 1984 utamwona nyuma kabisa, kijana aliyejazia akipiga makofi na kucheza kwenye umati, hana hata jina. Alipata kazi ya kuvaa vazi la lile dude la filamu ya Predator, wakati mastaa wote walikuwa upande wa Arnold Schwarzenegger. Hakudumu ndani ya vazi lile, na nafasi ikaenda kwa Kevin Peter Hall, mtu mwenye kimo cha zaidi ya mita 2. Kisha ikaja ile hadithi ambayo ameisimulia mara nyingi: alimkuta mtayarishaji Menahem Golan nje ya mgahawa, akarusha teke likapita juu ya kichwa chake, na hapo ndipo mlango ukafunguka. Bloodsport ikatoka mwaka 1988, ikapigwa Hong Kong kwa fedha kidogo kwa viwango vya Hollywood. Mwenyewe amesema kwamba filamu ile ilikuwa mbovu ilipokatwa mara ya kwanza, akaingia chumba cha kuhariri kusaidia kuikata upya. Mvivu hafanyi hivyo. Kama hoja ni uvivu, mimi naifuta hapa hapa.

Hoja nzito zaidi ni ya wale wanaosema alirudia picha ile ile. Hapo sina ulimi wa kubisha. Katika Kickboxer kaka yake anavunjwa mgongo ulingoni, naye anaingia mazoezini ili alipe. Katika Lionheart kaka yake anachomwa moto, naye anatoroka jeshini na kuishia kwenye ngumi za mitaani. Akicheza mapacha katika Double Impact mwaka 1991, basi mwaka 1996 katika Maximum Risk anacheza mtu aliyegundua kwamba alikuwa na pacha, na mwaka 2001 katika Replicant anacheza muuaji na nakala ya muuaji huyo iliyotengenezwa maabara. Na kwa kuwa lafudhi yake ya Kifaransa haikuondoka, waandishi walilazimika kutafuta sababu ya kuwepo kwake: mara askari wa jeshi la kigeni la Ufaransa, mara mtu wa Louisiana mwenye asili ya Kifaransa, na hiyo ya Louisiana ilitumika katika Universal Soldier ya mwaka 1992 na ikatumika tena katika Hard Target ya mwaka uliofuata.

Sisi huku lafudhi hiyo hatukuisikia. Hapa ndipo naona wachambuzi wa Marekani na watazamaji wa vibandani hawakuwa wanatazama filamu moja. Wao waliandika juu ya maneno yake. Sisi tulimsikia Lufufu upande wa Tanzania, au DJ Afro upande wa Kenya, akiongea juu ya sauti ya Van Damme, akimpa utani wa mtaani, akimwita majina, akitutangazia kwamba sasa adui amechokoza nyuki. Mtafsiri alifanya nusu ya kazi ambayo mwigizaji alipaswa kuifanya kwa sauti, na Van Damme akabaki na ile nusu aliyoiweza, ya mwili. Ndiyo maana tulimpenda kuliko walivyompenda huko kwao. Nilipokuja kuzitazama filamu zile zile ukubwani bila mtafsiri, niliumia kidogo. Kwenye matukio ya kuongea anaonekana kama mtu anayesubiri basi: macho yako pale, lakini mwenyewe ameshafika kwenye pambano linalofuata.

Hata hivyo wanaomshusha husahau jambo moja kubwa. Hard Target ilikuwa filamu ya kwanza ya Marekani kuongozwa na John Woo. Maximum Risk ilikuwa ya kwanza huko kwa Ringo Lam, na Double Team ya mwaka 1997 ilikuwa ya kwanza kwa Tsui Hark. Waongozaji watatu wakubwa wa Hong Kong, na wote watatu walipoingia Hollywood steringi wao alikuwa Mbelgiji huyu. Woo akaendelea mpaka filamu ya Face/Off. Staa aliyetosheka na mapato yake asingejisumbua kuongozwa na watu ambao studio za huko zilikuwa bado hazijawazoea. Yeye alijua kwamba watu wa Hong Kong wanajua kumpiga picha mtu anayeongea kwa mwili, na kwa hilo macho yake yalikuwa makali kuliko ya wakubwa wa studio.

Sasa tufike kwenye mwaka 1994, maana ndio mwaka unaoniuma. Timecop iliingiza zaidi ya dola milioni 100 duniani, moja ya mapato makubwa kabisa ya filamu alizokuwa steringi. Mwaka huo huo alipiga Street Fighter huko Thailand na Australia. Mwongozaji wake, Steven de Souza, amesema wazi kwamba Van Damme alikuwa amezama kwenye kokeini na kazi ilikuwa inamsubiri yeye. Van Damme naye amekiri hadharani kwamba miaka hiyo dawa zilikuwa zimemshika. Kwenye seti hiyo hiyo alikuwepo Raul Julia, akicheza adui mkuu, jenerali Bison. Julia alikuwa anaumwa saratani, amekonda mpaka inaonekana usoni, na alifariki Oktoba 1994 kabla filamu haijatoka. Itazame leo. Mgonjwa anatamka kila neno kana kwamba yuko kwenye jukwaa kubwa kuliko yote duniani, anafurahia kila hatua. Mzima, aliyelipwa kuliko wote, hayupo. Kwa miezi ile hakuna jasho la kumtetea nalo, na sitajaribu.

Kikaja kisa cha studio kumpa ofa ya filamu tatu, dola milioni 12 kwa kila moja. Ameisimulia mwenyewe: aliona mchekeshaji Jim Carrey analipwa milioni 20, naye akataka 20. Simu ikakatwa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na wazee waliosema hivyo walikuwa wanawajua watu wa aina hii. Lakini sipendi kuishia kwenye methali, kwa sababu baadaye ilijulikana kwamba alikuwa pia na ugonjwa wa akili wa baipola, ule unaompandisha mtu juu sana kisha kumwangusha chini sana, naye ameuzungumzia bila kuona aibu. Nikikumbuka jinsi tulivyokuwa tunacheka habari za vurugu zake magazetini, naona tulikuwa tunamcheka mgonjwa. Kosa la tamaa ni lake. Ugonjwa si kosa. Anayemhukumu anapaswa kuvitenganisha vitu hivyo viwili, hata kama ndani ya mtu mmoja vilikuwa vimefungamana.

Legionnaire ya mwaka 1998 ni filamu ambayo ningependa watu wengi waitafute. Alichangia kuitunga hadithi yake, anacheza bondia aliyekimbilia jeshi la kigeni la Ufaransa huko Morocco, na kwa mara ya kwanza unaona mtu anayejaribu kubeba huzuni. Marekani haikupata hata ukumbi, ikapelekwa moja kwa moja kwenye kanda. Alipoamua kubadilika, mlango ulikuwa umeshafungwa, na sehemu ya ufunguo aliitupa mwenyewe.

Hapo ndipo namlinganisha na Sylvester Stallone, ambaye naye ana filamu mbovu nyingi tu. Stallone aliandika Rocky mwenyewe. Kila alipoanguka, alikuwa na kalamu ya kurudia kwa wahusika wake, Rocky na Rambo, uzeeni kabisa. Van Damme aliweka karibu juhudi zake zote kwenye mwili, na mwili ni mtaji unaopungua kila mwaka hata usipoutumia. Miaka 10 ya mazoezi ya msamba haimfundishi mtu namna ya kukaa kimya mbele ya kamera. Hilo linahitaji mazoezi mengine, na sioni dalili kwamba alipata mtu wa kumsimamia ayafanye akiwa na miaka 30.

Aliyafanya akiwa anakaribia 50. Mwaka 2008 mwongozaji Mabrouk El Mechri alimrudisha Brussels kucheza JCVD, ambamo Van Damme anacheza Van Damme: staa aliyechoka, ana kesi ya kumgombea mtoto, fedha zimeisha, anaingia posta kutoa pesa na kujikuta mateka wa majambazi huku polisi nje wakidhani jambazi ni yeye. Katikati ya filamu, kiti chake kinaanza kupanda juu. Kinapanda mpaka zinaonekana taa za studio na sehemu ya juu ya ukuta wa bandia wa seti, na hapo anageuka kututazama sisi. Anazungumza Kifaransa, lugha yake, kwa dakika kadhaa bila kukatwa. Anazungumzia karate, dawa, wanawake, umaarufu alioomba akapewa. Machozi yanatoka. Anajiuliza amefanya nini hapa duniani. Kisha kiti kinashuka, na filamu inaendelea.

Nimeitazama sehemu hiyo mara nyingi na bado sijui niiweke upande gani wa ubishi. Inathibitisha kwamba kipaji kilikuwemo, kwa hiyo wanaosema alikuwa miguu mitupu wamekosea. Lakini inathibitisha pia kwamba kwa miaka 20 kilikaa bila kutumiwa, na hilo ni shtaka zito kuliko la kukosa kipaji. Baada ya hapo alifanya kazi mbili nzuri za Universal Soldier, mwaka 2009 na 2012, chini ya John Hyams, mtoto wa Peter Hyams aliyeongoza Timecop, na ndani yake uso wake umekuwa mgumu kama gome la mti na unatisha. Katikati ya hizo akatoa nyingine ambazo hata mimi mpenzi wake nilizizima kabla hazijaisha.

Mwaka 2013 dunia ikamkumbuka tena kwa tangazo la malori ya Volvo. Malori mawili yanarudi nyuma, jua linachomoza, mguu mmoja huku, mwingine kule, yanatengana taratibu mpaka msamba unakamilika. Alikuwa na miaka 53. Kulikuwa na kamba ya usalama iliyofichwa, na sioni aibu yoyote katika hilo. Watu zaidi ya milioni 100 walitazama. Nilifurahi, kisha nikasikitika kidogo, maana alichoombwa ni kile kile tulichokuwa tunakidai sisi kibandani tukipiga kelele mkanda urudishwe nyuma. Nasi tuna mkono wetu katika hili. Hakuna aliyewahi kulipa kiingilio ili amwone analia.

JCVD inamalizikia gerezani. Van Damme amefungwa, na tunamwona uani akiwafundisha wafungwa karate, anawasahihisha taratibu, mwalimu mwenye subira. Kisha anaitwa kwenye chumba cha wageni. Wamekuja mama yake na binti yake. Anakaa mbele yao, na uso ule uliotumia miaka mingi kusubiri pambano linalofuata hausubiri chochote.