Hamburg kaburi ni la kukodi, Malindi ni la milele ila hakuna anayelitazama

Kitu ninachowaonea wivu Wajerumani ni makaburi yao, na hata hayo nikipewa siyataki.

Naishi Hamburg, kazi yangu kuhudumia wazee, na siku ya mapumziko hali ya hewa ikiruhusu nachukua kamera naenda Ohlsdorf, makaburi makubwa ya jiji. Mtu wa Malindi ukimwambia makaburi, anafikiria kiwanja nyuma ya msikiti, mwarobaini mmoja na mbuzi wa jirani. Ohlsdorf ni hekta zipatazo 390, palifunguliwa 1877, na mabasi ya jiji yanapita ndani yake na vituo kabisa. Nina picha ya bibi mmoja amesimama kituoni, kopo la kumwagilia maua mkononi, nyuma yake malaika wa marumaru ameinamisha kichwa. Nimempiga kwa nyuma, sababu nitaieleza.

Usafi wa pale usiombe. Maua yanabadilishwa kwa msimu, njia zimefagiwa, majina yanasomeka. Sasa ngoja nikwambie lililobaki. Kaburi lile ni la kukodi. Hamburg muda wake ni miaka 25. Ukiisha, jamaa walipe tena, la sivyo jiwe linaondolewa na pahali pale anazikwa mwingine. Utakuta kibandiko juu ya jiwe kinawataka jamaa wa marehemu wawasiliane na ofisi. Wengine wanapenda kupiga wale malaika. Mimi picha zangu nyingi ni za vibandiko. Na wenyewe hawaoni ajabu. Wazee ninaowahudumia wanayazungumza hayo mezani. Mmoja aliniambia jiwe la wazazi wake liliondolewa zamani, kisha akaniomba nimsogezee sukari.

Ndiyo maana Waislamu wengi huku, japo zipo sehemu zetu Ohlsdorf na kwenye makaburi mengine ya jiji, Öjendorf, akifa mtu mchango unaanza kuzunguka kwenye simu usiku huohuo ili mwili usafirishwe. Watu wanadhani ni kupenda nyumbani tu. Ni hilo, na pia hakuna anayetaka wajukuu wake waje kutumiwa bili ya babu.

Malindi umezikwa umezikwa. Hakuna ofisi inayokudai. Pale mtaa wa Shela, pembeni ya Msikiti wa Juma, upande wa bahari, makaburi mawili ya mnara yamesimama, moja refu jingine fupi, na lile refu wataalamu wanalihesabu la karne ya 15. Vasco da Gama alipotia nanga kwetu 1498 yawezekana alilikuta. Lakini mgeni akishuka Malindi anakimbizwa kwenye mnara wa Vasco, tena na sisi wenyewe, na haya makaburi tunayapita na pikipiki bila kugeuza shingo.

Nilikuwa napiga picha pale, mzee mmoja akatoka msikitini akanisimamia.

"Hayo mawe unayapigia nini, mwanangu?"

"Nataka yahifadhike, mjomba."

"Yamekaa miaka mia tano hayana simu yako."

Nilicheka, na jibu sikuwa nalo. Ila najua mengine hayakukaa. Nenda Mambrui, uone kaburi la mnara lililopambwa kwa mabakuli ya Kichina. Desturi hiyo ilienea pwani yetu yote, na pengi ukipita sasa utakuta matundu ya mviringo tu, mabakuli yameng'olewa. Ukisogeza kamera karibu unaona chokaa bado imeshika duara la kitako cha bakuli. Wa kwetu waling'oa, wageni waling'oa, sijui nani zaidi. Gede nako, mwendo mfupi tu kusini, kuna kaburi limechongwa tarehe, mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Lile liko ndani ya uzio wa makumbusho, lina usalama wake. Wasiwasi wangu ni yale ambayo hayana uzio wala tarehe.

Maana makaburi yetu ya kawaida hayana maandishi. Mshahadi wa mbao, au jiwe la matumbawe kichwani na jingine miguuni, basi. Anayejua nani amelala wapi ni mzee fulani wa mtaa, na akishaondoka wajukuu wanabaki kubishana, ni la pili au la tatu kutoka ukutani. Na ukuta wenyewe siku hizi unatembea. Kuna ploti moja, sitaitaja, ukuta wake umemeza makaburi ya zamani, na nje wameandika kwa rangi nyekundu: PLOTI HII HAIUZWI. Nimeipiga hiyo. Picha hiyo siipendi, lakini siifuti.

Najua shekhe akisoma hapa atasema kujengea kaburi si sunna. Sisemi tujenge. Nasema lililojengwa na waliotutangulia tusilibomoe, na kabla halijabomoka lenyewe mtu wa hapohapo alipige picha.

Na nikisema mtu wa hapohapo nina maana. Nyumbani sipigi makaburi peke yake. Malindi ni mji wa vituko: Mgiriama anauza madafu kwa Kiitaliano safi, anarudi nyuma anamkemea mwanawe kwa Kigiriama. Safari moja ilinipita tuktuk imebeba kabati la kioo, mlango umefungwa kwa leso, na ndani ya kile kioo bahari yote ikawa inapita barabarani pamoja na punda na mikokoteni. Mtalii angelipiga lile kabati na dereva, na yule mama aliyeketi pembeni akilishikilia, na jioni wote watatu wako mtandaoni.

Hapa ndipo Mjerumani namvulia kofia. Kwao kuna sheria ya tangu 1907: sura ya mtu huisambazi bila ridhaa yake, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Ukiinua kamera kwenye basi watu wanakutazama vibaya, na wana haki. Ndiyo sababu ya yule bibi wa kituoni kumpiga kwa nyuma. Basi hao hao wakipanda ndege kuja kwetu, sheria wanaiacha uwanja wa ndege. Mtoto anayecheza mchangani amepigwa, mama wa viazi karai amepigwa, na akidai chochote anaambiwa ana tamaa. Mama wa viazi karai ana haki ileile ya bibi wa Ohlsdorf. Mimi namuomba kwanza, akikataa nanunua viazi naondoka.

Kwa wasioona faida ya picha nina kisa kimoja, nacho ni cha Wagiriama. Mzee aliyekuwa katika Gohu, chama cha wazee wenye hadhi, akifa husimikiwa kigango, ubao uliochongwa, na kikishasimikwa hakiguswi. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia wa Marekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama akiwa na vigango viwili vya ndugu zake marehemu. Haukupita muda vikaibwa. Mwaka 1999 Udvardy akakiona kimoja kwenye picha za mkusanyiko wa makumbusho moja ya jimbo la Illinois. Cha pili kikapatikana katika makumbusho ya chuo kikuu cha Hampton, Virginia. Ilipofika 2007 vyote viwili vilikuwa vimerudi kwa wenyewe. Bila ile picha ungethibitisha vipi, na Marekani imejaa vigango? Makumbusho moja ya Denver peke yake ilikubali kurudisha 30 mwaka 2014, navyo vikafika Kenya 2019.

Kuna upande wa pili wa habari hii. Picha inayomrudishia mwenyewe mali yake inaweza pia kumwonyesha mwizi njia. Kwa hiyo nikipiga vijijini nazima ile alama ya mahali kwenye simu, na mtandaoni siandiki jina la kijiji. Nakala yenye maelezo kamili naiacha kwa mzee wa boma. Binamu yangu ananiambia picha isiyo na mahali haina maana. Tumebishana sana, bado hajanigeuza.

Wajerumani hawahawa wanaoondoa mawe ya wazee wao wana mawe mengine ambayo hawayaondoi. Ni vibao vya shaba vya sentimita 10 kwa 10, vimepachikwa barabarani mbele ya nyumba walimokaa watu waliouawa au kuteswa na Wanazi. Msanii Gunter Demnig alianza kazi hiyo miaka ya 1990, na sasa vimepita 100,000. Kimoja kiko Berlin, mtaa wa Brunnenstraße, kina jina la Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam 1904. Alikuwa askari angali mtoto, akaja Ujerumani, akawa anafundisha Kiswahili chuo kikuu, na mwisho akafia kambi ya Sachsenhausen mwaka 1944. Nilichuchumaa barabarani nikakifuta kwa mkono wa koti. Watu wakanizunguka wakaendelea na safari zao. Nimekipiga picha mara nyingi kuliko mnara wowote wa kwetu, na hilo linanikera, kwa sababu Mswahili mwenzangu anakumbukwa vizuri zaidi kwenye lami ya Berlin kuliko bibi mzaa bibi yangu aliyezikwa Malindi.

Kwa hiyo nina ombi kwa walioko nyumbani. Picha mpya nitapiga mwenyewe nikijaaliwa kuja. Ninazozitafuta ni za zamani, zile zilizo kwenye albamu za mama zenu: harusi, Idi, mtoto amesimamishwa mbele ya msikiti na kanzu mpya. Msizitazame sura tu. Angalieni nyuma ya huyo mtoto kuna nini, ukuta ulikuwa wapi, makaburi yalikuwa mangapi. Ulizeni majina wakati wanaoyajua bado wanakaa barazani, yaandikeni nyuma ya picha kwa kalamu ya risasi, wino unavuja.