Viwanda Vinahitaji Joto, Si Stima Peke Yake

Kila sera ya nishati safi inapojadiliwa hapa Kenya, hesabu hufanywa kwa megawati. Visima vya mvuke wa ardhini vya Olkaria vinatoa ngapi, upepo wa Turkana ngapi, tumenunua ngapi kutoka Ethiopia. Tuna haki ya kujivunia: karibu asilimia 90 ya stima yetu inatokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Lakini nenda kiwanda chochote cha majani chai kule Kericho au Murang'a, kisha uzunguke nyuma ya jengo. Utakuta kuni. Ni marundo marefu ya magogo ya mikaratusi yaliyopasuliwa na kuachwa yakauke, yakisubiri zamu ya kuingia kwenye boila.

Chai ndivyo ilivyo. Majani yakifika kutoka shambani hunyaushwa kwa hewa vuguvugu, husagwa, huachwa yachachuke, kisha hukaushwa kwa hewa kali ya moto. Stima inazungusha mota na mashine za kusaga, lakini kazi kubwa ya kuyatoa maji kwenye majani hufanywa na joto, na joto hilo linatoka kwenye kuni. Kiwanda cha maziwa, cha sukari, cha sabuni, cha nguo navyo huhitaji joto hivyo hivyo. Mwenye kiwanda akisema anahitaji nishati zaidi, mara nyingi anamaanisha mvuke wa boila. Sera yetu inamsikia kana kwamba ameomba nguzo na transfoma.

Kinachoniuma ni kwamba sisi ndio wenye mvuke. Olkaria ilianza kutoa stima mwaka 1981 kwa mtambo wa megawati 15, na leo hakuna nchi Afrika inayotufikia kwa nishati ya jotoardhi. Usiku wa manane, watu wakishalala na matumizi yakashuka, vituo hulazimika kupunguza uzalishaji, na mvuke ambao tayari umetoka kisimani unaachwa uende hewani. Na hata mchana, yale maji ya moto yanayotenganishwa na mvuke kabla haujaingia kwenye tabo (mashine inayozungushwa na mvuke ili kuzalisha stima) hurudishwa ardhini yakiwa bado na joto la kutosha kukausha mahindi. Tunachimba kilomita mbili au tatu kwenda chini kulitafuta joto, kisha tunalirudisha.

Isidhaniwe kwamba hili ni jambo geni kwetu. Eburru, wakulima walikausha pareto kwa mvuke wa ardhini tangu zama za ukoloni. Naivasha, shamba la maua la Oserian lilikodi kisima kutoka KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, likapasha joto vitalu vyake vya waridi. Usiku wa kule ni wa baridi na unyevu, na unyevu huzaa ukungu kwenye majani, kwa hiyo hewa kavu yenye joto iliwapunguzia dawa. Hata gesi ya kaboni iliyotoka na mvuke ule waliiingiza vitaluni, mimea ikaitumia kukua. Pale Menengai, karibu na Nakuru, GDC, shirika la serikali la kuendeleza jotoardhi, lilijenga mradi wa mfano: mtambo wa kuua viini kwenye maziwa, dobi, mabwawa ya samaki, kitalu cha nyanya, na baadaye kikaushio cha nafaka. Vyote vinaendeshwa na joto la kisima. Wageni huletwa, wakapigwa picha wakishika nyanya, wakaondoka.

Miaka inapita na mfano umebaki mfano. Hapo ndipo ninapoilaumu sera, kwa sababu wahandisi walishafanya kazi yao. Wengi wao walisomea Iceland, na hakuna nchi iliyopeleka wanafunzi wengi katika mafunzo ya jotoardhi ya kule kuliko Kenya. Ni hao hao waliofunga jenereta ndogo juu ya visima huko Olkaria, stima ikaanza kuuzwa bila kungoja kituo kikubwa kikamilike. Kwa stima tulithubutu. Kwa joto tukaishia kwenye maonyesho.

New Zealand walithubutu mapema. Kiwanda cha karatasi cha Kawerau kilijengwa miaka ya 1950 karibu na visima kwa makusudi, ili kitumie mvuke moja kwa moja. Kuanzia 2011, kampuni ya maziwa ya Miraka, ambayo wamiliki wake wengi ni jamii za Wamaori, imekuwa ikitengeneza maziwa ya unga kwa mvuke wa ardhini.

Najua pingamizi. Joto halisafiri mbali kama stima, na mvuke wa Olkaria hauwezi kupelekwa kwa bomba hadi Kericho. Maji ya visima nayo yana silika, madini kama ya mchanga, inayoganda kwenye mabomba, kwa hiyo kiwanda kitahitaji vifaa vya kuhamishia joto kwenye maji safi. Ni kweli. Ndiyo maana kiwanda ndicho kinachopaswa kuufuata mvuke, na serikali ndiyo yenye uwezo wa kupanga ardhi, barabara na maji ili jambo hilo liwezekane. Kwa viwanda vya chai vilivyo mbali, tazameni ratiba yao: majani huchumwa mchana, na kazi kubwa huendelea usiku, saa zile zile ambazo Olkaria inamwaga mvuke. Tangu Desemba 2017 viwanda vimekuwa vikipata punguzo la nusu ya bei ya uniti kati ya saa nne usiku na saa kumi na mbili asubuhi, ila ni kwa matumizi yanayozidi kiwango chao cha kawaida. Bei hiyo bado haimfanyi meneja aache kuni. Punguzo maalumu kwa boila za umeme za usiku lingeweza kumshawishi.

Tena punguzo hilo lisiwe la bajeti moja tu. Mwaka 2020 Bunge liliondoa msamaha wa VAT kwenye vifaa vya sola, mwaka uliofuata likaurudisha. Nani ataweka pesa zake kwenye mabomba ya kutumika miaka 20 kama sheria zinabadilika hivyo?

Mimi ningeanzia Menengai. Visima vimechimbwa pale tangu 2011, na kituo cha kwanza cha stima, cha megawati 35, kilianza kuzalisha 2023, yaani mvuke ulingoja miaka kumi na zaidi. Mji wa Nakuru uko chini tu ya mlima, na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wa Nyandarua na Nakuru yenyewe hawako mbali. Msimu wa mvua, maziwa yanapozidi, wafugaji hupunguziwa bei, na mengine humwagwa kwa kukosa mnunuzi, wakati kutengeneza maziwa ya unga ni kazi ya joto tangu mwanzo hadi mwisho. Serikali ya kaunti, GDC na vyama vya ushirika wakae meza moja waandike mkataba wa kuuza joto, wenye bei inayojulikana na muda mrefu wa kutosha benki kukopesha.