Mtaro wa tatu mbele ya lupango

Jumatatu asubuhi nilifungua mlango wa lupango, yaani ua wa nyumba yangu, kidogo nizame. Mtaro! Wa tatu huu tangu mwaka jana, hapa Bel-Air, mtaa wetu wa Lubumbashi, na mvua ziko njiani. Nikamuuliza kijana mwenye sururu: "Si waya wa fiba, wa intaneti, umekwisha kulazwa hapa chini?"

"Ndiyo, papa, lakini ule ni wa wale wengine."

Wa wale wengine! Kumbe hata chini ya udongo kuna makabila.

Je, mwenye waya alazimishwe kuwapisha wengine? Wamarekani waligombana juu ya jambo hili zamani. Mwaka 1998 mji wa Portland uliiambia AT&T, kampuni ya simu iliyokuwa inanunua kampuni ya televisheni ya kebo ya TCI: mkitaka kibali chetu, wapisheni wauzaji wengine wa intaneti kwenye waya zenu. Mwaka 2000 mahakama ya rufaa ikasema mji hauna mamlaka hayo. Mwaka 2002 FCC, wasimamizi wa mawasiliano wa huko, wakatangaza kwamba intaneti ya kebo ni "huduma ya habari", si huduma ya mawasiliano. Neno moja tu limebadilishwa, na mwenye waya hadaiwi tena kumpisha mtu. Kampuni ndogo ya California inayouza intaneti, Brand X, ikabisha. Tarehe 27 Juni 2005 Mahakama ya Juu ya Marekani ikawapa FCC ushindi, majaji 6 kwa 3. Kanada ilikataa mchezo huo: kule wenye kebo wanalazimishwa kuwauzia wadogo nafasi kwa bei ya jumla.

Sasa tazama barabara yetu ya Kasumbalesa, ya kwenda mpaka wa Zambia. Kuna peaji, kizuizi cha kulipia njia, tunalipa, tunanung'unika, tunapita. Lori la unga, lori la shaba, basi la wamama wa biashara, wote wanapita. Je, mwenye peaji angesema ni malori yake peke yake yatakayobeba unga kutoka Zambia? Bukari, ugali wetu, tungekula kwa bei gani? Mji mzima ungesimama barabarani kupiga kelele. Lakini mwenye waya akifanya vilevile, tunamwita mwekezaji na tunampigia makofi.

Haya, nakubali: aliyechimba ametoa pesa, na pesa zake lazima zirudi. Kwani nani amesema apishe bure? Aweke peaji yake, bei ijulikane, iwe moja kwa wote, hata kwa lile tawi lake mwenyewe linalouza forfe, vifurushi vya intaneti. Hapo ndipo wanapoanza kukohoa.

Wenye dola za kununua sahani ya Starlink, intaneti ya setilaiti, hongereni, ninyi mtaro hauwahusu.

Sheria yetu ya mawasiliano hapa Kongo, ya tarehe 25 Novemba 2020, inazungumzia kugawana miundombinu. Vizuri sana. Kijana wa sururu hajaisoma, na bosi wake ameisoma akaifunga.

Leo mchana wamepasua bomba la maji. Mama jirani ameshuka na ndoo yake kuchota mle mle mtaroni. Anasema mtaro huu, angalau, yeye amefaidi kitu.