Mtoto Shoga Bado ni Mtoto wa Nyumba: Maoni Yangu kutoka Toronto kwa Ndugu wa Kigoma

Katika mazungumzo ya ndugu zangu wa Kigoma kuhusu watoto wanaovutiwa na watu wa jinsia yao, nchi ninayoishi hutajwa kana kwamba ndiyo jibu la kila kitu. Mmoja husema kwamba Kanada mambo haya yamekwisha kwa sababu sheria inawalinda, na mwingine humjibu kwamba ndiyo maana watoto wa huko wameharibika. Mimi nilizaliwa Mwanga, huko Kigoma mjini, nikakulia kati ya Mwanga na Ujiji, na sasa naishi Toronto. Kwa niliyoyaona pande zote mbili, nadhani wote wawili wanakosea mahali pamoja: wanadhani mtoto hulelewa na serikali. Kinachoamua kama kijana wa namna hii atafika utu uzima akiwa salama ni yale anayotendewa na baba, mama, shangazi na kaka zake nyumbani, na katika hilo Toronto haina mengi ya kujivunia mbele ya Kigoma.

Ni kweli kwamba sheria za Kanada ziko mbali sana na zetu. Tendo la faragha kati ya watu wazima wawili wa jinsia moja liliondolewa katika orodha ya jinai mwaka 1969, ndoa zao zikatambuliwa nchi nzima mwaka 2005, na tangu Januari 2022 ni jinai kumpeleka mtu kwenye ile inayoitwa tiba ya kumbadilisha. Ukifika mwezi wa Juni, benki hupamba madirisha yao kwa rangi za upinde wa mvua, ambazo ni alama ya mashoga, ikiwamo ile inayonikata ada kila ninapotuma hela nyumbani. Hata hivyo, katika mji huuhuu, mwaka 2016 shirika la YMCA lilifungua nyumba ya vitanda 25, iitwayo Sprott House, kwa ajili ya vijana mashoga, wasagaji na wale wanaojitambua kwa jinsia tofauti na waliyozaliwa nayo ambao hawana pa kuishi. Vijana wengi wa aina hiyo wanaotangatanga mjini wana wazazi walio hai. Sheria iliwapa haki ya kuoana lakini haikumlazimisha baba kufungua mlango.

Kwetu sheria ni kali, na sitaki mtu yeyote anielewe kwamba ninalipuuza jambo hilo. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inatoa kifungo kisichopungua miaka 30, na kinaweza kufika cha maisha, kwa kile inachokiita kuingiliana kinyume na maumbile. Lakini soma tena kinachoadhibiwa: ni kitendo. Hakuna kifungu kinachomwamuru mzazi kumtupia mtoto nguo zake nje, kumwondoa shuleni au kumwachia radhi. Kinyume chake, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaja mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya miaka 18, na inamwekea mzazi wajibu wa kumpa chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu, bila kuuliza mtoto huyo anampenda nani. Baba anayemfukuza kijana wa miaka 16 usiku huku akisema anaitii sheria ya nchi, kwa hakika ndiye anayeivunja.

Tena wazazi waliofanya kazi hii ya kuwalinda watoto wao kabla yetu hawakusubiri sheria ibadilike. Jeanne Manford alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Queens, New York. Mwaka 1972 mwanawe Morty alipigwa vibaya akiwa katika shughuli za kudai haki za mashoga, na mama huyo akaandika barua gazetini kulalamikia polisi waliotazama tu bila kumsaidia. Mwezi Juni mwaka huohuo akatembea na mwanawe barabarani, ameshika bango linalowataka wazazi wa mashoga waungane kuwasaidia watoto wao. Machi 1973 wazazi wapatao 20 wakakutana katika kanisa moja la Kimethodisti mjini humo, na kutokana na kikao hicho kikazaliwa chama cha wazazi kinachojulikana leo kwa jina la PFLAG. Wakati ule sheria ya jimbo la New York bado ililihesabu tendo lenyewe kuwa kosa, na iliendelea hivyo hadi mahakama ilipoitengua mwaka 1980. Madaktari wa akili wa Marekani nao walikuwa bado wanaliita ugonjwa. Wazazi walitangulia, sheria na udaktari vikafuata nyuma. Simwambii mtu wa Kigoma abebe bango Lumumba Road, kwa kuwa atajiponza na kumponza mwanawe. Ninachosema ni kwamba upendo wa mzazi haukuwahi kuomba kibali mahakamani.

Kuhusu madhara ya kumkataa mtoto, upo utafiti unaostahili kujulikana na kila mzazi. Mwaka 2009 Caitlin Ryan na wenzake wa Chuo Kikuu cha San Francisco State walichapisha matokeo ya mahojiano na vijana 224 wa umri wa miaka 21 hadi 25 kuhusu jinsi familia zao zilivyowatendea walipokuwa wanakua. Waliokataliwa sana na familia zao walikuwa na uwezekano mara 8.4 zaidi wa kuwa wamejaribu kujiua, na karibu mara 6 zaidi wa kuwa na sonona kali, wakilinganishwa na wale waliokataliwa kidogo au ambao hawakukataliwa kabisa. Najua atasimama mtu aseme kwamba wale ni vijana wa Marekani, hakuna Muha hata mmoja kati yao. Sawa, lakini sijapata kusikia sababu ya kuamini kwamba mtoto wa Gungu akiambiwa na mama yake kuwa heri angekufa akiwa mchanga, maneno hayo yatamchoma kidogo kuliko yanavyomchoma mtoto wa California.

Kilichonivutia zaidi katika kazi ya Ryan ni kwamba wazazi wengi wanaowatesa watoto hawa hawafanyi hivyo kwa chuki. Wanaogopa. Wanaogopa mtoto atapigwa, ataingia motoni, atakufa bila kuacha mtoto, au ukoo utachekwa. Kwa hofu hiyo humnyang'anya simu, humkataza marafiki, humlazimisha kutembea kiume, humwacha nyumbani siku ya harusi ya dada yake, na huku wanaamini wanamwokoa. Habari njema ni kwamba si lazima mzazi aruke kutoka kwenye kukataa hadi kwenye kushangilia. Hata kupunguza kidogo tu mateso, kuacha kipigo na kuacha matusi, hupunguza hatari kwa mtoto, na mzazi anaweza kufanya hivyo bila kuacha msikiti wala kanisa lake.

Hapa Toronto nimekuwa karibu na mama mmoja wa Uvira, ng'ambo ya ziwa letu, ambaye binti yake alimwambia jambo hili akiwa bado sekondari. Mume alitaka binti arudishwe kwa bibi yake Kongo akanyooshwe, kama wanavyofanya wazazi wengi wa Kiafrika huku wanapoona mtoto amewashinda. Mama hakubishana naye kuhusu dini wala sheria. Aliichukua pasipoti ya mtoto, akaifunga kwenye kitenge, akaitia ndani ya gunia la mchele, kisha akapika ugali na migebuka kama kawaida, akaweka sahani nne mezani. Baba alikula bila kusema neno kwa siku nyingi. Leo wanakula wote wanne, na baba bado hajakubali. Anasema tu kwamba mtoto asiguswe. Kwangu mimi huo ni msaada kamili, ingawa wataalamu wa huku wangetaka aseme mengi zaidi.

Kwetu Kigoma mambo huenda haraka zaidi kwa sababu watu ni wengi. Siku moja tu jirani akishuku, baba mkubwa anataarifiwa, kikao cha ukoo kinaitishwa, na kabla ya Isha habari imefika kwenye kundi la WhatsApp la familia lenye watu waliotawanyika kutoka Kasulu hadi Dar es Salaam. Kisha huanza tiba: mganga, maombi ya kufunga bila kula, kijana kuozwa mke haraka, binti kuozeshwa kwa mtu asiyemjua, au tiketi ya treni kwenda kwa mjomba aliyewahi kuwa askari. Mama naye husemwa, kwani mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na watu huitumia methali hiyo kama rungu.

Lakini wingi huohuo wa watu ndio utajiri ambao Toronto haina. Mtoto wa huku akigombana na wazazi wake wawili amebakiza hosteli. Wa kwetu ana shangazi, mama wadogo, bibi na watani. Namkumbuka bibi mmoja wa Ujiji ambaye mjukuu wake alianza kusemwa kijiweni. Bibi alimhamishia kijana chumbani kwake, na kila asubuhi akamtuma mwalo wa Kibirizi kumnunulia dagaa, tena akitembea mchana kweupe. Wazee walipomwendea kumwonya aliwaambia: "Mtoto akinyea kiganja hakikatwi. Mwenye neno aniletee mimi." Methali hiyo siipendi sana, maana kijana yule hakuwa amemnyea mtu yeyote, ila baada ya hapo hakuna aliyemgusa.

Kuna jambo moja ambalo ushauri wa Toronto ukihamishwa kama ulivyo utaleta maafa. Huku mzazi huambiwa kwamba kumtaka mtoto afiche hali yake ni namna ya kumkataa, na kwa mazingira ya huku nakubali. Kigoma, kutangaza kunaweza kumfikisha mtoto polisi au kumtia mikononi mwa kundi la watu wenye mawe. Kwa hiyo siri ni lazima, ila ni lazima pia itokane na ulinzi, si aibu. Mtoto aambiwe waziwazi: sisi tunajua, tunakupenda, na hatutamwambia mtu kwa sababu tunataka uishi. Hiyo ni tofauti kabisa na kumwambia anyamaze asiidhalilishe familia. Kikao cha ukoo kisiitishwe. Watu wawili au watatu wanaoaminika wanatosha, na mmoja wao awe mtu ambaye baba humsikiliza. Kama mtoto ameanza kusema maneno ya kutaka kufa, asiachwe peke yake usiku na apelekwe hospitali. Huko si lazima kueleza kila kitu. Kusema kwamba hapati usingizi, hataki kula na amekata tamaa kunatosha kuanzia.

Sisi tulio nje tuna nafasi yetu, na mara nyingi tunaitumia vibaya, kwa kumwambia kijana akimbie aje huku. Njia ya ukimbizi ni ndefu na wengi hukwama katikati. Rainbow Railroad, shirika lenye makao yake hapahapa Toronto ambalo husaidia watu wa namna hii kutoroka mateso, hupokea maombi mengi kuliko linavyoweza kuyatimiza. Lakini kila mwezi tunatuma hela, na anayetuma hela husikilizwa kwenye kikao hata kama hayupo. Baba akikata ada ya shule, tuma ada moja kwa moja shuleni. Mjomba akiomba mchango wa mganga, mwambie huna, ila unayo ya kodi ya chumba kwa shangazi. Na kaka akiandika matusi kundini, mpigie simu kando, umuulize kwa upole kama yuko tayari kumzika mdogo wake, kisha umwache ajibu.