Virusi vya homa ya ini havilali

Kuna neno linanikera kila nikilisikia: "vimelala." Mtu anapima damu, anakutwa na homa ya ini aina ya B, anaambiwa asiwe na wasiwasi, virusi vimelala. Karatasi ya majibu anaitia kwenye droo, basi. Miaka ishirini baadaye tumbo linaanza kujaa maji.

Vimelala wapi? Kirusi hiki huingia hadi kwenye kiini cha seli ya ini, na vipande vya vinasaba vyake hujipachika katika vinasaba vya seli yenyewe. Ndiyo maana saratani huweza kuota hata kwenye ini lisilo na makovu. Wengi hudhani lazima ini lisinyae kwanza. Kwa aina ya B si lazima. Na ini ni kiungo kivumilivu mno, uvimbe hukua ndani yake kimya kimya.

Haya si mageni. Mwaka 1981 mtafiti wa magonjwa Palmer Beasley na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanaume 22,707 huko Taiwan. Hatari ya saratani ya ini kwa wenye virusi ilizidi ya wenzao zaidi ya mara 200. Hata hatari ya saratani ya mapafu kwa mvuta sigara haifiki hapo! Taiwan ikaanza kuwachanja watoto wachanga mwaka 1984, na saratani ya ini kwa watoto ikashuka.

Sisemi kila mwenye virusi ataugua saratani, wengi hawaugui. Ninachodai ni kwamba anayeambiwa "vimelala" apewe na tarehe ya kurudi. Kwa walio hatarini zaidi, kama wenye makovu ya ini au ndugu aliyeugua saratani hiyo, ni ultrasaundi kila miezi sita: unalala chali, jeli ya baridi chini ya mbavu, "vuta pumzi, ibane," dakika chache umemaliza. Wanaohitaji dawa wapewe. Zinapunguza hatari, ingawa haziifuti.

Halafu kuna aibu. Watu hunong'ona kwamba mgonjwa kayataka mwenyewe kwa uasherati. Mtu mzima mwenye afya akiambukizwa, mara nyingi mwili huvifukuza virusi. Kwa watoto wachanga wasiochanjwa wakiambukizwa, takriban 9 kati ya 10 hubaki navyo. Kwa hiyo huenda mwenye karatasi ile alivipata kwa mama yake alipozaliwa. Aitoe kwenye droo, awaonyeshe ndugu zake wa tumbo moja, nao wakapime.